Mwenye Gari na Mwenye Jina

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wananchi, wanafunzi wa sheria na wafanyabiashara wa magari. Umechapwa kama ulivyosemwa, ila salamu zimepunguzwa.)



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aliyelelewa nyuma ya kaunta ya duka amelisikia neno hili kabla hajajua kuhesabu. Jioni hii nina swali moja tu juu yake: daftari la nani? Mhenga alikuwa akizungumza na mwenye mali. Alimwambia ashike kalamu, aandike mwenyewe kilichoingia, kimetoka kwa nani, na kwa bei gani. Sisi wenye magari tumemwelewa vingine. Tukishaandikwa jina katika daftari la serikali tunaona kazi imekwisha. Tunaitia logbuku kabatini, tunalala. Nimekuja kuwaambia kwamba daftari hilo halikufunguliwa kwa ajili yetu, na swali linalojibu si lile tunalodhani.

Pikapu ya mjomba

Mjomba wangu mmoja, Mungu amrehemu, alinunua pikapu kuukuu ya kubebea nazi kutoka kwa jirani yake. Walipatana bei barazani. Pesa zikahesabiwa mara mbili, ya pili mbele ya mashahidi. Mjomba akachana ukurasa katika daftari la hesabu la bintiye, akaandika nambari ya gari, bei, tarehe na majina, na watu wanne wakatia sahihi. Logbuku alikabidhiwa, lakini kwenda kubadilisha jina hakwenda. Kesho, keshokutwa, baada ya Ramadhani, baada ya msimu. Miaka sita pikapu ilikwenda soko la Kongowea na kurudi, na jina lililokuwa serikalini ni la jirani.

Jirani akafariki. Arubaini haijatimia, watoto wake wakaja kwa adabu zote. "Ami, tunafuatilia mali aliyoiacha baba. Tumekwenda kutazama, na pikapu hii imeandikwa jina lake." Vijana wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa warithi wenye ushahidi wa serikali mkononi. Mjomba akaingia ndani, akakawia, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na ule ukurasa, wino umeanza kufifia, miraba ya daftari la hesabu bado inaonekana. Kati ya mashahidi wawili mmoja alikuwa ameshakufa, wa pili akaitwa. Kijana mkubwa akausoma, akaitambua sahihi ya babake, akaukunja, akaurudisha kwa mikono miwili. Mambo yakaishia kwenye chai.

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi wa sheria, na nilikuwa nimeshaanza kuwapigia watu mhadhara kuhusu umiliki. Siku ile nilinyamaza. Logbuku ya serikali ilisema hivi, ukurasa wa mtoto wa shule ukasema vile, na ukweli ulikuwa kwenye ukurasa.

Mwenye na mwenyewe

Kiswahili kinatusaidia hapa, na kinatuponza pia. Mtu akiegesha gari mbele ya msikiti akaziba njia, tunauliza, "Mwenye gari hili nani?" Tunachotaka ni mtu wa kulisogeza, hata akiwa dereva, au shemeji aliyeliazima kwenda harusini. Lakini akija mtu na pesa anataka kulinunua, tunamwambia, "Mngoje mwenyewe." Mwenye ni aliye nalo. Mwenyewe ni aliye na haki nalo. Wakati mwingine hao ni mtu mmoja, na ndiyo sababu tunasahau kwamba wanaweza kuwa wawili.

Usajili wa gari unajibu swali la msikitini: nani aitwe? Umiliki unajibu swali la mnunuzi: limetoka wapi, na limefikaje mikononi mwako?

Waliofungua daftari

Ili tuone kwa nini ni hivyo, twende Uingereza, maana sheria zetu za magari na za mauzo zilitoka huko. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Motokaa mwaka 1903, na kuanzia tarehe 1 Januari 1904 kila gari likatakiwa kusajiliwa kwenye baraza la kaunti na kubeba nambari. Shida ya wakati ule ilikuwa ya polisi. Gari likipita mbio na kugonga mtu, kilichobaki ni vumbi, na hapakuwa na njia ya kumjua aliyepita. Sheria ya Barabara ya mwaka 1920 ndiyo iliyoleta kitabu cha usajili, sambamba na kodi ya gari. Kwa hiyo daftari lilifunguliwa na polisi na mtoza ushuru. Hakuna kati yao aliyehitaji kujua kama aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Leo kazi hiyo inafanywa na shirika la DVLA mjini Swansea, Wales, na cheti chake kinaitwa V5C. Waingereza wamekuwa wakweli kuliko sisi katika kuchagua maneno. Aliyeandikwa humo hawamwiti mmiliki, wanamwita mtunzaji aliyesajiliwa. Cheti chenyewe kinatamka kwamba si uthibitisho wa umiliki, na kwamba kinaonyesha mwenye wajibu wa kulisajili gari na kulilipia kodi. Kampuni ikimpa mfanyakazi gari la kazi, anaweza kuandikwa yeye. Mzazi akimnunulia bintiye gari la kwendea chuo, binti anaweza kuandikwa. Kamera ya barabarani ikilipiga picha gari linalokwenda kasi, barua humfuata mtunzaji, na Sheria ya Trafiki ya mwaka 1988 inamtaka aseme nani alikuwa kwenye usukani. Sheria nyingine ya mwaka 2012 imeziwezesha hata kampuni za maegesho huko England na Wales kumdai mtunzaji, pale dereva asipojulikana. Mtunzaji, kwa ufupi, ni mtu wa kuitwa.

Ndugu zetu wengi wanaoishi London na Birmingham hujifunza jambo hili kwa gari la mkopo. Ukichukua gari kwa ununuzi wa kulipa kidogo kidogo, jina lako linaingia kwenye V5C tangu siku ya kwanza, wakati gari ni mali ya kampuni ya fedha mpaka utimize malipo. Cheti hakisemi lolote kuhusu deni hilo.

Kitabu mbele ya hakimu

Nitawapitisha katika kesi nne za England. Ni za zamani, lakini matapeli wake mtawatambua.

Ya kwanza iliamuliwa mwaka 1956. Kampuni moja ya kuuza magari mjini Newbury ilijiwa na mtu aliyetaka gari la Morris kwa mkopo. Akajaza fomu, wakamridhia, wakampa gari pamoja na kitabu chake kabla kampuni ya fedha haijajibu. Maelezo yake yalikuwa ya uongo na mkopo ukakataliwa, lakini gari lilikuwa limeshauzwa, na mwishowe likafikia kampuni nyingine iliyolipa kwa nia safi. Lirudi kwa nani? Mahakama ya Rufani iligawanyika, majaji wawili dhidi ya mmoja. Wawili walisema kitabu cha gari si hatimiliki, na chenyewe kilikuwa kikimwonya msomaji kwamba aliyeandikwa huenda si mwenyewe. Anayempa mtu kitabu hajatangaza kwamba amempa mali. Gari likarudi Newbury.

Jaji wa tatu, Denning, alikataa. Hoja yake ni kwamba kati ya watu wawili wasio na hatia, hasara imwangukie aliyemrahisishia tapeli kazi, na aliyempa mgeni gari na kitabu kwa pamoja amemrahisishia sana. Alishindwa kwa kura, lakini nawaomba msiisahau hoja yake. Ukimkabidhi mtu vyote viwili, sheria inaweza kukuokoa. Usingizi wako haitakurudishia.

Ya pili ni ya mwaka 1950, na ndugu zangu wa yadi wasikilize. Mtu alimwachia dalali gari lake akimtaka atafute wateja tu, asiuze. Kitabu hakumwachia. Dalali akakipata kwa hila, akauza. Mahakama ilisema dalali aliyekabidhiwa gari anaweza, kwa masharti fulani, kupitisha miliki kwa mnunuzi mwema hata bila idhini ya mwenyewe, lakini kuuza gari lililotumika bila kitabu si uuzaji wa kawaida wa biashara. Kwa kuwa mwenyewe hakukubali kukitoa kitabu, gari likabaki lake. Mnaona kitendawili? Kitabu hakimfanyi mtu kuwa mwenyewe, ila gari lisilo na kitabu linatosha kumtia shaka mnunuzi mwenye akili.

Ya tatu inachekesha. Mwanafunzi mmoja alitangaza kuuza Austin yake. Akaja mtu akajiita Richard Greene, jina la mwigizaji mashuhuri aliyecheza Robin Hood kwenye televisheni, akaonyesha na kitambulisho cha studio ya Pinewood. Akaandika hundi ya pauni 450, akaondoka na gari na kitabu. Hundi ilikuwa ya wizi. Gari akamuuzia mwanafunzi mwingine kwa pauni 200. Mwaka 1971 mahakama, na safari hii Denning alikuwa upande wa walioshinda, ilisema muuzaji alikubali kumuuzia mtu aliyesimama mbele yake. Alidanganywa kuhusu sifa zake, lakini mauzo yalikuwepo. Angeweza kuyavunja, ila hakuwahi kabla mtu mwema hajalinunua. Gari likabaki kwa mwanafunzi wa pili.

Tazameni tofauti. Newbury hapakuwa na mauzo bado, kwa hiyo tapeli hakuwa na cha kuuza, na mtu hatoi asichokuwa nacho. Kwa yule Robin Hood wa bandia mauzo yalikuwepo, mabovu, lakini yalikuwepo. Katika kesi zote mbili kitabu kilikuwa mikononi mwa tapeli, na katika zote mbili sicho kilichoamua. Kilichoamua ni kilichotokea kati ya muuzaji na mnunuzi.

Ya nne nitaisema kwa ufupi, kwa kuwa inawapa moyo waliotapeliwa. Mwaka 1923 mnunuzi aliyelipa pauni 334 kwa gari lililokuja kugundulika kuwa la wizi alirudishiwa zote, ingawa lilikuwa limeshatumika miezi kadhaa kabla polisi hawajalichukua. Mahakama ilisema alilipia miliki, na miliki hakupata hata chembe. Kanuni hiyo, kwamba kila muuzaji anaahidi kuwa ana haki ya kuuza, imo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya na ile ya Tanzania, zote mbili zikiwa zimechotwa kwenye sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Shida, kama mjuavyo, ni kumpata huyo muuzaji.

Kwetu

Kenya tumepita njia tofauti kidogo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema aliyesajiliwa atahesabiwa kuwa mmiliki, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hiki kina nusu mbili. Mtaani tunaikariri ya kwanza. Mahakamani watu hushinda na kushindwa kwa ya pili.

Nusu ya kwanza inampa aliyeandikwa mwanzo mwema. Akifika na logbuku yenye jina lake, au dondoo ya rejista kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, hahitaji kusema zaidi mpaka apatikane wa kumpinga. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwenzake. Nusu ya pili inamruhusu huyo mwenzake aubebe mzigo huo. Mwaka 2005, katika kesi kati ya kampuni za Securicor na Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilishughulika na gari lililopata ajali likiwa bado limesajiliwa kwa jina la Securicor, ambayo ilikuwa imeshaliuza. Ushahidi wa mauzo ulikuwepo, na Securicor ikaponea. Mahakama iliegemea pia uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Uganda uliosema kadi ya gari ni ushahidi wa awali tu, unaosimama mpaka uangushwe na mwingine.

Kwa watoto wa jirani ya mjomba, nusu ya kwanza ndiyo iliyowaleta. Ukurasa wa daftari ulikuwa nusu ya pili.

Sharti jingine la sheria hiyo ni kwamba gari lililouzwa halifai kutembea barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Nyote mmecheka, na ninajua kwa nini. Ndugu zetu wa Tanzania nao, wanaosajili kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, wana magari mengi yanayotembea na kadi za wenyewe wa zamani, huku mnunuzi akishikilia mkataba wa mauziano na kuahirisha ada za uhamisho. Kote pwani tumeizoea hali hii mpaka hatuioni.

Kuhusu mkopo, logbuku yetu ina afueni ambayo V5C haina. Benki ikikukopesha kwa dhamana ya gari hapa, kwa kawaida huandikwa pamoja nawe kwenye logbuku, na anayeisoma anaona kwamba kuna mkono mwingine. Aidha, tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, ipo rejista ya kielektroniki ambamo mkopeshaji huandika dai lake. Upekuzi huko haukuchukui siku nzima. Kujuta baadaye kunaweza kuchukua miaka.

Mnyororo

Umiliki wa gari, basi, ni mnyororo. Kila pete ni tendo: mtu mwenye haki aliuza, akatoa au akarithisha, na mwingine akapokea. Pete moja ikiwa ya wizi, zote zilizofuata zinaning'inia hewani, hata kama kila logbuku imeandikwa kwa hati nzuri. Mnunuzi anayetazama jina la mwisho peke yake anakagua pete moja.

Gari lililoshuka bandarini Kilindini mnyororo wake kwetu unaanza na karatasi za Japani: cheti cha kuuzwa nje, ankara ya muuzaji, hati ya shehena na karatasi za forodha. Yadi ikikuambia hizo "ziko ofisini", omba uzione hapo hapo. Gari lililokwisha kutumika nchini mnyororo wake uko katika mikataba. Jina la aliyekuuzia lilingane na jina la aliyeandikwa. Lisipolingana, iwepo karatasi inayoeleza kwa nini: mkataba wake wa kununua, barua ya idhini, au, kama aliyeandikwa amefariki, hati ya usimamizi wa mirathi. Mtoto wa marehemu hawezi kukuuzia gari la babake kwa sababu tu funguo anazo.

Mkataba wenyewe uwe na majina kamili na nambari za vitambulisho, nambari ya usajili na ile ya chesisi, bei, tarehe na hata saa, kwa kuwa ajali haichagui saa. Malipo yapitie njia inayoacha alama, ujumbe wa M-Pesa au risiti ya benki, yaende kwa muuzaji mwenyewe, wala si kwa "binamu yangu ndiye mwenye laini". Nambari ya chesisi uisome kwenye bati la gari kwa macho yako. Ile iliyo kwenye karatasi haitoshi.

Muuzaji naye ana hatari yake. Ukiuza ukapokea pesa ukaenda zako, jina lako linabaki msikitini likiitwa. Faini zitakufuata. Gari likigonga mtu, utashtakiwa wewe, na itakubidi uthibitishe nusu ya pili ya kifungu kwa karatasi ambazo pengine hukuzihifadhi. Securicor iliponea kwa sababu ilikuwa na ushahidi. Wengi wetu tungekuwa na kiapo na machozi.

Mtaniuliza, kama jina si umiliki, kuna haja gani ya kuhangaika kulibadilisha? Ipo, tena kubwa. Usajili unamhamishia mwenzako mzigo wa kuthibitisha, na hiyo peke yake inaweza kukuepusha na miaka ya kesi. Unawatahadharisha wengine. Unamfungia mlango muuzaji anayetaka kuuza gari moja mara mbili. Nilichokuja kukanusha ni ile imani kwamba ukishakuwa na jina huhitaji tena daftari lako mwenyewe.

Namaliza na pikapu. Wiki moja baada ya wale vijana kuja, mjomba alikwenda akabadilisha jina, na warithi wakamsaidia kwa karatasi za mirathi. Logbuku mpya ilipotoka, sote tulidhani ule ukurasa atautupa. Aliukunja mara nne, akautia ndani ya logbuku. Miaka mingi baadaye alipoiuza pikapu nilikuwepo. Mnunuzi alifungua logbuku, ukurasa ukaanguka mapajani mwake. Akauliza, "Mzee, hii ya nini? Si jina lako liko hapa?"

Mjomba akamwambia, "Hilo ni jina langu. Hiyo inasema nimeipata wapi. Chukua zote mbili, na uniandikie yako."